USIACHE MBACHAO: JE, TUBADILISHE PROGRAMU ZA OFISI KATIKA TARAKILISHI YA NYUMBANI?

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mkaaji wa hapa hapa Kaloleni, Voi, na kila jioni hurudi nyumbani kwa miguu kama wengi wenu. Katika makala haya nimekusudia kufundisha, kwa kadiri ya uwezo wangu, jinsi ya kuamua jambo moja linalozisumbua nyumba nyingi siku hizi: je, programu za ofisi zilizomo katika tarakilishi ya nyumbani zikizeeka, tuzibadilishe au tukae nazo? Si swali dogo. Ndani yake mna pesa za wazazi, masomo yetu, na siri za watu.

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Wengi huitumia methali hii kumkataza mtu kitu kipya. Mimi naielewa hivi: haisemi usinunue msala mpya kamwe. Yasema usiuache ule wako wa zamani kwa kuuona tu mwingine ukipita. Kwanza uujue, uuguse, uulize bei.

1. PROGRAMU ZA OFISI NI NINI?

Ni kundi la programu zinazofanya kazi za karani. Ya kwanza ni ya kuandikia barua na insha. Ya pili ni lahajedwali, yaani jedwali kubwa lenye safu na mistari ambalo hupiga hesabu lenyewe. Ya tatu ni ya kutayarishia mafunzo ya kuonyeshwa ukutani. Ya nne, kwa baadhi ya makundi, ni hifadhidata, inayoweka orodha kubwa kama majina ya wanafunzi na alama zao. Kundi linalojulikana zaidi kwetu ni Microsoft Office, lenye Word, Excel, PowerPoint na Access. Kundi jingine ni LibreOffice, ambalo hutolewa bure. Hilo lilianza mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, nayo OpenOffice.org ilitokana na StarOffice.

Kila kundi lina matoleo. Toleo ni kama chapa ya kitabu: chapa ya pili husahihisha makosa ya ile ya kwanza na kuongeza sura kadhaa. Kubadilisha toleo ndiko tunakokuzungumzia leo.

2. HALI ILIVYO NYUMBANI KWETU

Tarakilishi yetu ni ya mitumba. Ilinunuliwa kwa shilingi 14,000, na imekaa mezani sebuleni ikiwa imefunikwa leso kwa sababu ya vumbi letu jekundu la Voi. Ina kumbukumbu ya GB 4, inaendeshwa na Windows 10, na ndani yake mna Office 2010.

Watu wawili ndio huitumia sana. Wa kwanza ni Mama, ambaye ni mweka hazina wa chama cha akina mama cha mtaani. Akina mama 22 huchanga shilingi 200 kila wiki, na Mama huandika kila kitu katika lahajedwali: nani ametoa, nani amekopa, nani amelipa. Mwezi wa Disemba ndipo wanapogawana. Hesabu ikipotea au ikikosewa hata kwa shilingi mia mbili, hapo pana maneno, na urafiki wa miaka huvunjika. Wa pili ni mimi. Nasoma somo la Tarakilishi, na sisi tutakaofanya KCSE mwaka 2027 ndio kundi la mwisho la 8-4-4, kwa hivyo hakuna kusema ati nitarudia mwaka ujao.

Mjadala ulianza pale nilipoleta faili kutoka shuleni katika flashi. Ilikuwa na fomula ya XLOOKUP. Nilipobadilisha nambari moja, mahali pa jibu pakaandikwa #NAME?. Sababu ni rahisi: Office 2010 haiijui XLOOKUP, kwani fomula hiyo ililetwa miaka mingi baada yake. Kaka yangu anayefanya kazi Mombasa akasema kwa simu, "Tupa hiyo takataka! Mimi nitalipia mpya mwaka huu." Mama akamwuliza taratibu, "Na mwaka wa pili, mwanangu, atalipa nani?" Kaka akanyamaza.

Basi nikapewa kazi ya kuchunguza na kuleta jibu. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

3. MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

(a) Programu ya zamani imeshindwa kazi gani hasa?

Usiseme tu "imezeeka". Chukua karatasi, andika kazi zinazofanywa nyumbani, kisha uweke alama kando ya zile zilizoshindikana. Kwetu orodha ilikuwa na kazi tisa: barua, insha, risiti za chama, jedwali la michango, na kadhalika. Zilizoshindikana zilikuwa mbili tu. Moja ni ile XLOOKUP. Nyingine ni kuandika Kiswahili: kila neno la Kiswahili lilitiwa mstari mwekundu chini yake kana kwamba lugha yetu yote ni makosa!

Tena hata hiyo XLOOKUP ina dawa. Kazi yake yaweza kufanywa na VLOOKUP, au kwa kuunganisha INDEX na MATCH, na hizo zimo hata katika matoleo ya zamani sana. Msomaji, elewa jambo hili: mara nyingine kinachohitaji kubadilishwa ni fomula, si programu nzima.

(b) Je, bado inalindwa?

Hapa ndipo penye uzito. Kila toleo lina siku ya mwisho ya kushughulikiwa na mwenyewe aliyelitengeneza. Siku hiyo ikipita, programu haizimiki. Huendelea kufunguka kama kawaida. Kinachokoma ni viraka, yaani marekebisho ya usalama. Office 2007 ilifikia mwisho wake Oktoba 2017, Office 2010 Oktoba 2020, Office 2013 Aprili 2023, nazo Office 2016 na 2019 zikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo hiyo ya mwaka 2025 ndiyo Windows 10 nayo ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida.

Kwa nini viraka ni muhimu? Mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba kasoro iliyokuwa katika kile kifaa cha zamani cha kuandikia milinganyo ya hesabu ndani ya Office. Kifaa hicho kilikuwa kimetengenezwa mwaka 2000, kwa hivyo kasoro ilikaa humo kama miaka 17 bila kuonekana. Mtu akifungua tu waraka uliotegwa, mwizi angeweza kuingia katika tarakilishi yake. Sasa fikiria kasoro kama hiyo ikigunduliwa leo ndani ya Office 2010. Nani ataiziba? Hakuna.

Kwa hivyo programu iliyopitwa na siku zake si haramu kuitumia, lakini ni kama nyumba ambayo fundi wa kufuli amehama mji. Usiwafungulie wageni ovyo. Faili zako mwenyewe, sawa. Faili uliyotumiwa na mtu usiyemjua, hapana.

(c) Je, tarakilishi yenyewe itaibeba?

Programu mpya hutaka nguvu. Office 2024, iliyotoka Oktoba mwaka huo, hutaka Windows 10 au 11, kumbukumbu ya GB 4, na nafasi ya GB 4 katika diski. Yetu ingefika hapo kwa kuchechemea. Lakini nilipotazama Windows 11, nikaona haiwezekani. Hiyo hutaka kichakataji cha miaka ya karibuni na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na yetu haina. Basi kununua Office mpya ya bei kubwa na kuiweka juu ya mashine ya zamani ni kama kuezeka mabati mapya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Mabati ni mazuri, ndiyo, lakini nyumba je?

(d) Gharama yake ni ya siku ngapi?

Kuna kununua mara moja na kuna kulipia kila mwezi au kila mwaka. Office 2024 hununuliwa mara moja, na itashughulikiwa hadi Oktoba 2029. Microsoft 365 ni ya kulipia, nayo hupata mambo mapya kila mara maadamu unalipa. Ukiacha kulipa, waweza kufungua na kuchapa nyaraka zako kwa programu hizo, lakini huwezi kuzihariri. Kwa mweka hazina wa chama, hilo ni jambo la kuogofya. Hebu fikiria ni Disemba, akina mama wamekaa ukumbini wanangoja, na lahajedwali limegoma kuandikika!

Hesabu yake hupigwa hivi. Chukua malipo ya mwezi, zidisha kwa 12, kisha zidisha kwa idadi ya miaka unayotarajia kuitumia mashine. Kwa mfano tu, tuseme malipo ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Hiyo ni 12,000 kwa mwaka, na 36,000 kwa miaka mitatu. Linganisha na bei ya tarakilishi yetu, 14,000. Msomaji, kweli utamnunulia punda tandiko linalozidi bei ya punda mara mbili na zaidi?

(e) Je, kazi za zamani zitafunguka?

Mwaka 2007 Microsoft ilibadili umbo la faili zake, kutoka doc na xls hadi docx na xlsx. Waliokuwa na matoleo ya nyuma walilazimika kutafuta kifaa cha ziada ili wazifungue. LibreOffice nayo ina umbo lake liitwalo ODF, lililokubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, ingawa hufungua na kuhifadhi docx na xlsx pia. Lakini kufunguka si kufanana. Mistari huweza kusogea, herufi kubadilika, na vitufe vya amri kukataa. Kwa hivyo lazima ujaribu kwa nakala, usijaribu kwa faili yenyewe.

4. NJIA ZILIZOPO

Njia ya kwanza ni kubaki na ya zamani. Haina gharama leo, ila hatari yake huongezeka kila mwaka.

Njia ya pili ni kununua au kulipia mpya. Ni nzuri kwa mwenye uwezo, hasa ambaye kazi yake inataka kila kitu kifanane na cha wateja wake. Tena msidharau ile Microsoft 365 inayotumika bure kupitia intaneti: haina mambo yote, na bila bando haifai kitu, lakini kwa barua moja ya haraka yatosha.

Njia ya tatu ni ile ya mkato. Fundi mmoja mjini aliniambia, "Lete elfu moja kasoro mia mbili, nakuwekea mpya leo leo." Nikamwuliza leseni iko wapi. Akacheka. Jamani, huo ni wizi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya tarakilishi miongoni mwa kazi za maandishi. Yaani sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili, tunaokasirika shairi la mwenzetu linapoibwa na kuandikwa jina la mwingine, tutawezaje kufurahia kuiba maandishi ya mtu kwa sababu tu yameandikwa kwa lugha ya mashine?

Tukiacha sheria kando, kuna hatari. Ili programu ya wizi ikubali, mara nyingi huambiwa uzime kwanza kinga ya virusi. Huko ni kumfungulia mwizi mlango na kumshikia taa. Jirani yetu mmoja mwenye kibanda cha kupiga chapa aliwekewa programu ya namna hiyo. Haikupita mwezi, faili zote zikawa hazifunguki, na barua za maombi ya kazi za watu zikapotea. Rahisi huvunja upishi.

Njia ya nne ni programu huria, kama LibreOffice. Ni bure, ni halali, na waweza kumpa jirani nakala bila kuvunja sheria. Kuipakua huchukua zaidi ya MB 300, kwa hivyo mimi niliipakua saiba nikaileta kwa flashi. Haihitaji mashine ya nguvu sana. XLOOKUP inaifahamu tangu toleo la 24.8 la Agosti 2024. Onyo: tangu toleo la 25.8 la mwaka 2025 haikubali tena Windows 7 wala 8, kwa hivyo wenye mashine za zamani zaidi watazame vizuri kabla ya kupakua.

5. NA KISWAHILI CHETU JE?

Hili ni jarida la Kiswahili, nami sitalipita. Disemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi ambazo amri zake ziliandikwa kwa Kiswahili. Mwaka huo huo wa 2004 Microsoft nayo ilitangaza kwamba ingetafsiri programu zake kwa Kiswahili. Kwa hivyo anayesema Kiswahili hakiwezi mambo ya tarakilishi, mwambieni amechelewa miaka mingi.

Leo hii LibreOffice ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, mradi uichague wakati wa kuiweka. Nilipoandika insha yangu humo, mistari myekundu ilibaki michache, na mingine ilikuwa ya haki, kwa mfano pale nilipoandika "dhahama" badala ya "zahama". Kamusi hiyo haijui kila neno. Majina kama Mwatate na Wundanyi huweza kuonewa. Lakini ni afadhali mwalimu asiyejua maneno machache kuliko mwalimu asiyejua lugha kabisa.

6. JARIBIO NA UAMUZI WETU

Niliweka LibreOffice kando ya Office 2010. Zote mbili huweza kukaa pamoja katika tarakilishi moja bila kugombana. Kisha nikanakili faili ya chama katika flashi mbili, moja akaiweka Mama kabatini. Nikafungua nakala, nikalinganisha jumla za kila ukurasa, Mama akisoma kutoka daftari lake la mkono nami nikitazama kioo. Jumla zote zilikubaliana. Kasoro zilikuwa mbili: mstari wa mwisho ulihamia ukurasa wa pili wa kuchapa, na kile kitufe alichotengeneza Kaka cha kupanga majina kilikataa kufanya kazi. Ukurasa niliurekebisha kwa kupunguza pambizo. Kitufe tuliachana nacho, nikamwonyesha Mama kupanga majina kwa menyu. Alijaribu mara tatu, akasema, "Kumbe ni hivi tu?"

Uamuzi wetu ukawa huu. Kwanza, hatununui na hatulipii chochote mwaka huu. Pili, kazi zangu zote na faili zote zinazotoka nje zifunguliwe kwa LibreOffice, kwa sababu hiyo bado hupata viraka. Tatu, Mama amalize hesabu za mwaka huu katika Office 2010, kwa kuwa haifai kubadilisha mtumbwi katikati ya mto, na Januari ahamie LibreOffice. Nne, pesa alizotaka kutoa Kaka ziwekwe kando kwa ajili ya mashine nyingine, maana Windows 10 ndiyo nguzo yenye mchwa. Tano, mazoezi yangu ya hifadhidata nitayafanya shuleni. Hifadhidata ya LibreOffice si sawa na Access tunayofundishwa, na mtihani wa vitendo hauna huruma kwa mtu aliyezoea vitufe vya mahali pengine.

Sisemi kila nyumba iamue kama yetu. Mwenye duka la kupiga chapa, ambaye wateja humletea faili za kila namna, huenda akaona faida kulipia mpya. Mwenye kutumia Publisher ajue kwamba Microsoft imetangaza kuiacha Oktoba 2026, kwa hivyo yeye atahitaji kuhama hata kama hataki. La muhimu ni kuuliza yale maswali matano kwa utaratibu, na kuwasikiza wote wanaotumia mashine, si yule tu anayejua kubofya haraka. Kaka ana mshahara na mimi nina somo la Tarakilishi, lakini swali lililotuokoa pesa liliulizwa na Mama.

7. ZOEZI

1. Taja tofauti kati ya programu iliyozimika na programu iliyofikia mwisho wa kushughulikiwa.
2. Orodhesha kazi zinazofanywa kwa tarakilishi nyumbani kwenu, au katika ofisi unayoijua. Ni ngapi ambazo programu iliyopo imeshindwa kabisa?
3. Malipo ya programu ni shilingi 750 kwa mwezi. Mashine itatumika miaka minne. Jumla ni ngapi? (Jibu: 36,000.)
4. "Usiache mbachao kwa msala upitao." Jadili methali hii ukirejelea mambo ya teknolojia.
5. Kwa nini faili ijaribiwe kwa nakala, si yenyewe?

Wenzangu, mkiwa na swali mnione darasani wakati wa mapumziko. Na walimu wetu, mkipata nafasi, tunaomba tarakilishi za maabara ziwekewe kamusi ile ya Kiswahili, ili jarida lijalo tuliandike bila mistari myekundu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu